Sura ya Sita: Jiwe la Arobaini na Moja

Ijumaa saa moja asubuhi Shufaa alikuwa amelala chali chini ya gari lisilo lake, pembeni mwa mtaa mmoja wa Bellevue, miguu imetokeza nje mpaka magotini, soksi moja ya bluu na nyingine ya kijani. Watu waliokuwa wakiwahi kazini walimzunguka kwa adabu. Johannesburg mtu akiwa chini ya gari, ama anatengeneza ama anaiba, na kwa vyovyote vile si vizuri kumkatiza.

Shufaa hakuwa akitengeneza wala akiiba. Alikuwa akikwangua tope kwa ufunguo wa nyumba yake na kulikusanya kwenye leso.

Alizaliwa Tanga, akafanya upolisi hukohuko miaka kumi na tisa, na sasa alikuwa na ofisi ya viti viwili juu ya saluni moja ya Berea, ambako watu walimletea habari za vitu vyao vilivyopotea. Waume waliopotea pia aliwatafuta. Ila vitu alivipenda zaidi, kwa kuwa kitu ukishakipata hakikutoroki tena wiki inayofuata.

Kilichopotea safari hii ni gauni la harusi. Mwenye gauni ni Mwende, binti wa Kikenya, na harusi yake ilikuwa kesho. Aliyelishona ni Jeanne, fundi cherehani wa Lubumbashi, aliyefanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo ambayo gari lilikuwa limeegeshwa nje yake. Na wa mwisho kuonekana nalo ni Ezéchiel, mpwa wa Jeanne, mwenye hiyo bakkie, yaani pikapu, iliyokuwa sasa imemkalia Shufaa kifuani.

Jumanne Ezéchiel alitumwa Vaalnek, mji mdogo wa mashambani, kulichukua gauni kwa mama mmoja wa Kindebele aliyelitia shanga. Akalichukua, likawekwa ndani ya sanduku la bati, akaondoka. Jumatano bakkie ilirudi Bellevue ikivutwa kwa kamba na rafiki yake aliyemkuta barabara kuu, Ezéchiel akapelekwa hospitali na mguu uliovunjika, simu yake ikiwa vipande vipande. Sanduku halikuwemo.

“Hilo tope ndilo linalomfunga,” ilisema sauti ya mwanamume kutoka juu.

Mwenye sauti alikuwa Moffat, baba yake Mwende. Alifundisha chuo kikuu, na alichofundisha ni barabara: zinavyochorwa, zinavyojengwa, zinavyobomoka. Alikuwa amesimama na daftari lake na kizibao cha manjano kinachong'aa, kile wanachovaa watu wa barabarani, kana kwamba Bellevue nzima ilikuwa kazini kwake. Akaeleza kwamba R947, barabara ya kutoka Vaalnek mpaka Rietklip, ni lami mwanzo mpaka mwisho. Yeye mwenyewe aliiandikia makala. Sasa kama ni lami tupu, tope jekundu limetoka wapi? Jibu lake: kijana alikata kona, akaingia vijijini, akauza gauni.

Shufaa akajiburura nje, akaketi kwenye ukingo wa njia, akafungua leso.

“Tope nimeliona. Na hivi je?”

Juu ya tope kulikuwa na vimbegu vyembamba vyeusi, vyenye meno mawili mawili.

“Hizo ni zile za kunasa kwa suruali,” akasema Moffat.

“Kishonanguo. Na havikuwa kwenye magurudumu. Vilikuwa tumboni mwa gari, katikati, tangu mbele mpaka nyuma. Gari hili limepita mahali magurudumu yana njia yao na katikati majani yameota mpaka yakalipapasa tumbo. Mtu akikata kona kwenda uani kwa mtu hapati vyote hivi, Profesa. Hivi ni vya mwendo mrefu. Hii ni barabara, ila watu wameisahau.”

“Mimi si profesa bado.”

“Utakuwa. Twende ndani.”

Jeanne alikuwa nyuma ya cherehani lakini hashoni. Mbele yake, katika sanamu ya kupimia nguo, hakukuwa na kitu, na kila aliyeingia chumbani alijikuta anaiangalia. Aliwapa chai, akampa Moffat kiti kizuri, ingawa Moffat ndiye aliyekuwa akimwita mpwa wake mwizi tangu juzi. Kisha Shufaa akaomba asomewe upya Ezéchiel alivyosema hospitalini.

Moffat akafungua daftari. Jumatano jioni yeye na mkewe, Monicah, waliruhusiwa kumwona mgonjwa, wageni wawili tu na si zaidi, kwa hiyo Jeanne alibaki nje kwenye benchi. Moffat aliandika kila neno. Tatizo ni kwamba aliandika kwa Kiingereza, kama alivyozoea kazini, na alipolisoma kwa Kiswahili lilitoka hivi: gari lilichemka, nikaliacha sanduku kwa bibi mmoja, kwenye barabara iliyo mbele, jiwe la arobaini na moja.

Basi kesho yake Moffat akaenda. Kutoka Rietklip akahesabu kilomita arobaini na moja za R947, na alichokikuta ni kituo cha mafuta. Hakuna bibi, hakuna sanduku. Ila mpiga pampu alimwambia kweli, Jumanne alimwona Mkongomani akishusha kitu kikubwa cheupe kwenye bakkie na kumuuzia mtu. Hapo ndipo Monicah alipofunga faili kichwani mwake.

“Nimempigia huyo mpiga pampu jana,” akasema Shufaa. “Kitu cheupe kilikuwa friji. Na Mkongomani alikuwa Mmalawi.”

Moffat akakata mstari mmoja daftarini, polepole, kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe.

Ilibaki kumuuliza Ezéchiel tena, lakini tangu alfajiri alikuwa chumba cha upasuaji akitiwa chuma mguuni, na manesi walisema hataamka na akili zake kabla ya mchana. Mchana haukuwa na faida. Saa sita kamili Monicah angekuwa kituo cha polisi kufungua kesi ya wizi, na karatasi ya ukimbizi ya Ezéchiel ilikuwa ya kuongezwa muda Jumatatu. Mtu haendi kwenye dirisha la uhamiaji na kesi ya wizi mgongoni akatarajia kutabasamiwa.

Shufaa akaamua kupoteza dakika tano kwa tabia ya mshukiwa. Amelelewa na nani huyu Ezéchiel?

“Bwana yangu wa mbele njo alimulea,” akasema Jeanne. “Alimufundisha na kuendesha gari. Mutu wa kweli, ule.”

“Hongera,” akasema Shufaa. “Sikujua kama una mchumba. Harusi lini?”

Jeanne akamtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua.

“Harusi gani, Maman Shufaa? Ule bwana alishakufa, mwaka wa kumi na moja sasa. Nasema bwana wa mbele. Wa kwanza. Wa sasa njo uyu mwenye kukoroma apa nyuma.”

Kikombe cha Shufaa kikasimama njiani. Kwao Tanga mbele ni huko unakokwenda. Kwa kina Jeanne, Lubumbashi, mbele ni huko ulikotoka: mtoto wa mbele ni kifunguamimba, na bwana wa mbele anaweza kuwa marehemu.

“Profesa. Funga daftari. Nataka maneno yake, sio yako. Alipotaja barabara, ulimi wake ulitamka nini?”

Moffat akafumba macho. “Alisema, nimeacha ku njia ya mbele.”

“Jeanne. Njia ya mbele ni ipi?”

“Njia ya kwanza. Ile ilikuwa kabla ya iyi.” Jeanne akaweka mkono kinywani. “Papa Mwende, siku tatu unasema barabara iliyo mbele, barabara iliyo mbele. Nilijua ni maneno yako. Sikujua ni yake.”

Siku tatu hakuna aliyemuuliza Ezéchiel alimaanisha nini, kwa sababu kila mmoja alikuwa amemwelewa vizuri sana.

Wakati huohuo breki zikalia nje. Monicah, mfanyakazi wa benki, aliingia kwa viatu vyake vya kazini, akimfuata Jeanne aende naye polisi kama shahidi. Hakuwa mwanamke mbaya. Alisema mwanawe hajala tangu Jumatano, na kwamba kama Shufaa ana maneno mapya, maneno hayavaliwi kanisani. Shufaa akamwomba angoje mpaka jioni. Monicah akasema saa sita. Moffat aliulizwa kwa macho kama angeweza kumshawishi mkewe, na kwa macho akajibu kwamba ameishi naye miaka ishirini na saba.

Saa mbili na nusu walikuwa Rietklip, yeye na Shufaa, kwenye gari jeupe la Moffat. Na huko ndipo Shufaa alipogundua kwamba ukitaka kumponya mwalimu wa barabara huzuni yake, muulize swali la barabara.

Je, R947 ilikuwa na njia nyingine kabla ya hii? Ilikuwa nayo, ati! Moffat alisimulia akiendesha kwa mkono mmoja. Kwanza ilikuwa mapito ya mikokoteni ya ng'ombe, ikileta mahindi kituo cha treni hapo Rietklip, na kwa kuwa ng'ombe hapendi mlima, ilizunguka kila kilima kama mwanamke anayemkwepa mdai wake sokoni. Baadaye serikali ya mkoa ikaimwagia kokoto, ikaipa namba na mawe ya kuhesabia, kuanzia mlangoni mwa posta. Ikadumu hivyo miaka na miaka. Halafu likajengwa bwawa, maji yakameza kipande cha bondeni, wahandisi wakachora mstari mpya ulionyooka, wakautia lami, wakauita R947 ileile. Ile ya kwanza ikakatwa namba, ikaachiwa wenye mashamba, ambao bondeni huvukia juu ya ukuta wa bwawa.

“Na haya yote yamo katika makala yako?”

“Ukurasa wa nne.”

“Na jana ulikwenda wapi?”

Moffat akapinda kulia nyuma ya posta ya zamani, ambayo sasa inauza matairi, na lami ikaisha kama imekatwa kwa kisu. Udongo mwekundu. Majani katikati. Baada ya muda tumbo la gari jeupe likaanza kupapaswa, shaa, shaa, shaa, na Shufaa akatabasamu kwa kila shaa.

Ezéchiel kupitia huku hakukuwa na siri. Bakkie yake haikuweza kwenda zaidi ya sitini bila kuchemka, na barabara kuu malori yangemsukuma mpaka ndani ya shamba la mtu. Huku alikuwa peke yake na kanga wa porini.

Waliyakosa mawe. Mengine yamezikwa, mengine yamegeuzwa ngazi za watu. Kwa hiyo walifuata mita ya gari, na saa nne kasoro robo Moffat akasimamisha: kilomita arobaini na moja kamili. Wakashuka. Kulikuwa na waya wa shamba, ng'ombe tisa, na upepo. Ng'ombe waliwatazama kwa subira ya watu waliowahi kuulizwa.

“Basi amedanganya,” akasema Moffat, na safari hii alisema kwa masikitiko, maana alikuwa ameanza kumpenda kijana aliyeipenda barabara yake.

Shufaa alikuwa akirudi nyuma kwa miguu. Hatua mia nane hivi akaliona geti la mwenye shamba, na geti lilifungwa kwa mnyororo uliozungushwa kwenye jiwe lililochongwa. Akakwangua kuvu kwa ule ufunguo wake wa nyumba. Chini yake kulikuwa na namba.

“Profesa, njoo unisomee. Macho yangu ni ya zamani.”

Moffat akaja, akainama. “Ishirini na tano.”

“Na gari lako lilisema tulipita hapa kilomita ya ngapi?”

“Arobaini na kidogo.” Akalisukuma kwa mguu. “Limehamishwa hili jiwe.”

“Jiwe zito namna hii, mtu alihamishe kilomita kumi na tano ili afungie ng'ombe?” Shufaa akaketi juu yake. “Mimi nimeishia darasa la saba, lakini nyuma ya daftari letu kulikuwa na jedwali, nalo tuliliimba kila asubuhi mpaka mwalimu achoke. Maili moja ni kilomita moja na pointi sita. Ishirini na tano mara hiyo?”

Moffat, mwenye shahada tatu, akahesabu kwa vidole. “Arobaini.”

“Nchi hii waliacha maili lini?”

“Miaka ya sabini mwanzoni,” akasema, na uso wake ukawa mwekundu kama barabara. “Ukurasa wa tatu.”

Maili arobaini na moja ni karibu kilomita sitini na sita. Moffat aliendesha hizo zilizobaki kwa mikono yote miwili.

Mahali penyewe palikuwa nyumba ya matofali yenye dirisha la kuuzia, spaza ya mashambani, yaani kiduka cha nyumbani, juu yake maandishi ya soda yaliyofifia mpaka yamekuwa siri. Bibi mwenye nyumba aliitwa Gogo Sibanyoni, na gogo kwa Kizulu ni bibi. Alikuwa ameketi kivulini akichambua maharage, na alimwacha Moffat aseme yote: salamu, sanduku, gauni, kijana. Kisha akajibu kwa Kizulu cha polepole kwamba hajaona sanduku, hajaona kijana, na tangu maji yalipoimeza barabara kule bondeni hajaona hata gari.

Moffat akamgeukia Shufaa, mabega yameanguka. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tano.

Shufaa aliyaangalia maharage. Mikono ya bibi ilikuwa haijapumzika hata mara moja wakati wote Moffat akizungumza, lakini macho yake hayakuwa kwenye maharage wala kwenye uso wa Moffat. Yalikuwa kwenye kile kizibao cha manjano.

“Kivue,” akasema Shufaa kwa Kiswahili.

“Nini?”

“Hicho kizibao. Kivue, ukakifungie garini, urudi ukiwa baba wa mtu.”

Alipokwenda, Shufaa akachuchumaa, akachukua fungu la maharage na kuanza kuchambua, na kwa Kizulu chake cha Berea, ambacho nusu yake ni cha teksi, akauliza watu wa vizibao walikuja mara ngapi. Mara nne, akasema Gogo. Kila wakija wanapima, wanamwambia nyumba yake imejengwa juu ya ardhi ya barabara, ahame. Yeye huwauliza barabara ipi. Hawajawahi kumjibu.

“Barabara ndiyo iliyohama,” akasema Gogo Sibanyoni. “Mimi niko palepale.”

Shufaa akamwambia yule si mtu wa kupima. Ni baba, binti yake anaolewa kesho, na kijana aliyeacha sanduku yuko hospitali na asubuhi hii wanamtia chuma mguuni. Gogo akaacha maharage. Alimwita kijana Zeki. Tangu alipokuwa akileta kabichi na mjomba wake Zeki hupita huku, hununua mkate, humbebea maji. Jumanne gari lilimfia hapo penye jiwe. Jirani mwenye trekta alijitolea kulivuta mpaka barabara kuu, lakini kwa matuta yale sanduku lingepasuka, na Zeki akasema nguo ya bibi harusi hairushwirushwi. Akampa Gogo alitunze mpaka arudi. Mguu aliuvunja hapohapo, akiruka kutoka kwenye trekta kuja kuaga, maana alikuwa amesahau kuaga.

Sanduku lilikuwa chini ya kitanda cha Gogo, limefunikwa blanketi, na juu ya blanketi Biblia, ili mwizi aone haya. Moffat alifungua. Gauni lilikuwa jeupe kama lilivyoondoka Bellevue, na kuanzia kifuani mpaka upindoni shanga za Kindebele zilitembea kwa rangi zote. Moffat akalitazama, kisha akatoka nje na kwenda kusimama nyuma ya nyumba kwa muda. Shufaa hakumfuata. Alitazama simu yake. Haikuwa na mtandao hata chembe.

Mtandao, alisema Gogo, uko juu ya ukuta wa bwawa, na akaonyesha kwa kidevu.

Walifika juu ya ukuta saa sita kasoro dakika saba, Gogo Sibanyoni akiwa kiti cha nyuma na sanduku mapajani, kwa kuwa alisema alichokabidhiwa atakikabidhi mwenyewe. Moffat akampigia mkewe. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Shufaa akampigia Jeanne, na Jeanne akapokea kwa kunong'ona: wako kaunta, konstebo ameshatoa kitabu, anauliza jina la mushukiwa linaandikwa namna gani, na Maman Mwende anamutajia herufi.

“Mpe simu.”

Kulisikika mvutano mdogo, halafu sauti ya Monicah, baridi na ya heshima. Shufaa akamwambia limepatikana. Monicah akasema hiyo angesema mtu yeyote aliye barabarani saa sita kasoro. Alitaka picha. Picha ikatumwa, na ile duara ndogo ya kungojea ikazunguka, ikazunguka, ikafa.

Shufaa akampa Gogo ishara. Wakalitoa gauni, Gogo upande mmoja na Moffat upande mwingine, wakalinyanyua juu ya upepo wa bwawa, na Shufaa akaiweka simu karibu na upindo.

“Tikisa.”

Shanga zote zikagongana kwa mara moja, maelfu, kama mvua ya mawe madogo juu ya bati. Wakatikisa tena. Kisha Monicah akasema, na sauti yake haikuwa ya benki tena:

“Nipe Moffat.”

Moffat akaongea kwa Kikamba, dakika nzima. Shufaa hakukielewa hata chembe, ila alisikia Ezéchiel akitajwa mara tatu na mara ya mwisho kama mtu anayemtaja mwanawe. Alipomaliza, simu haikukatwa. Walisikia konstebo akimwuliza Monicah kwa uchovu aandike nini sasa, maana ukurasa ameshauanza, tarehe ameshaitia, na ukurasa wa serikali hauchanwi.

Monicah alifikiri kidogo.

“Andika nilikuja kuuliza njia,” akasema.